Vidonge vya Mishipa na Maneno Yanayouzwa Navyo

Ukiingia duka la dawa lolote kuanzia Tanga hadi Kisumu ukasema miguu inakufa ganzi, au nyayo zinawaka moto usiku, kuna uwezekano mkubwa utatoka na kidonge cha aina moja: mchanganyiko wa vitamini B1, B6 na B12. Watu wanakiita dawa ya mishipa. Mara nyingi hakiulizwi cheti cha daktari, kinakaa kabati moja na dawa za kutuliza maumivu, na kila aliyewahi kukitumia ana ushauri wa kumpa jirani.

Sina ugomvi na vitamini zenyewe. Wapo wagonjwa ambao bila B12 wangeacha kutembea, na wapo wagonjwa wa kifua kikuu ambao B6 ndiyo inayowanusurisha miguu. Ugomvi wangu ni na maneno yanayouzwa pamoja na kidonge. Mengi si ya kweli, na baadhi yanamuumiza yuleyule aliyekuja kutafuta nafuu. Nitayachukua moja moja, na nitakaa zaidi pale penye hatari zaidi.

"Ni vitamini tu, ikizidi inatoka na mkojo"

Hili ndilo dai ninalotaka lijibiwe hata kama msomaji ataishia hapa. Ni kweli vitamini za kundi B huyeyuka kwenye maji na figo hutoa sehemu kubwa ya ziada. Lakini kabla ya kutoka zinapita mwilini, na huko njiani B6 ina madhara yake. Ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Nalisema waziwazi: moja ya vitamini zilizomo ndani ya dawa ya ganzi inaweza kuleta ganzi.

Habari hii si ya juzi. Mwaka 1983 daktari Herbert Schaumburg na wenzake nchini Marekani walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine taarifa za watu wazima 7 waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 za B6 kila siku. Walipoteza hisia za miguu na mikono, wakawa wanapepesuka wakitembea. Hizo zilikuwa dozi kubwa mno, na kwa muda mrefu watu walijifariji kwamba dozi ndogo hazina neno. Ushahidi uliofuata ukawa unapunguza faraja hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 1998 Marekani iliweka kikomo cha miligramu 100 kwa siku. Mwaka 2022 Australia iliagiza bidhaa zinazotoa zaidi ya miligramu 10 kwa siku ziandikwe onyo, na mamlaka yake ya dawa ikaeleza kwamba mishipa ya fahamu inaweza kudhurika hata kwa dozi iliyo chini ya miligramu 50. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ikashusha kikomo chake kutoka miligramu 25 hadi 12.

Sasa chukua bamba la vidonge ulilonalo nyumbani uligeuze. Kwenye karatasi ya fedha, kwa maandishi madogo yanayokatwakatwa kila unapochomoa kidonge, tafuta mstari ulioandikwa Pyridoxine Hydrochloride. Hiyo ndiyo B6. Kwenye vidonge vingi vya mishipa utakuta miligramu 100, na kwa vingine 200. Mtu mzima ambaye hajafika miaka 50 anahitaji kama miligramu 1.3 tu kwa siku, na ndizi, viazi, samaki, kuku na dengu humpatia kiasi hicho bila taabu. Anayemeza kidonge cha miligramu 200 mara tatu kwa siku anapata miligramu 600, zaidi ya mara 400 ya mahitaji yake. Wapo wanaofanya hivyo miezi na miezi, kwa sababu bahasha ya dukani imeandikwa "1x3" na hakuna aliyeandika siku ya kuacha.

Madhara yenyewe huja taratibu. Kandambili inachomoka mguuni naye anaendelea kutembea bila kujua. Umeme ukikatika usiku anapapasa ukuta ili afike chooni, ingawa chumba anakijua vizuri. Akifumba macho kunawa uso anayumba, inabidi ashike sinki. Nguvu za misuli kwa kawaida hubaki, ndiyo maana watu wa nyumbani hudhani ni uzee au uchovu. Kilichoharibika ni seli za hisia zilizo kando ya uti wa mgongo, zile zinazoiambia akili mguu uko wapi. Watafiti wameeleza kwamba B6 ya kwenye kidonge huwa haijaanza kufanya kazi. Ini hulazimika kuigeuza kwanza. Ikifurika, ile ambayo haijageuzwa huenda ikakaa mahali pa ile iliyo tayari, kama ufunguo usio wake uliokwama kwenye kufuli. Mtu anajaa vitamini huku mwili wake ukionyesha dalili za kuikosa.

Tena jumlisha kila kinachoingia. B6 iko kwenye vidonge vya vitamini mchanganyiko, kwenye vidonge vingi vya magnesiamu, na kwenye makopo mengi ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Kila kimoja peke yake kinaonekana kidogo.

"Ganzi ikizidi, ongeza dozi"

Hapa ndipo mtego unapofunga. Mgonjwa alianza vidonge kwa ganzi ndogo ya vidole. Baada ya miezi kadhaa ganzi imepanda hadi kwenye vifundo. Anahitimisha kwamba ugonjwa umemshinda nguvu, anaongeza kidonge. Swali la kwanza la kumuuliza ni dozi ya B6 aliyokwisha kumeza na kwa muda gani.

Na kuna jambo linalowachanganya hata wahudumu wa afya. Mtu akiacha B6 iliyomdhuru, dalili zinaweza kuendelea kupanda kwa wiki chache kabla hazijaanza kushuka. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo mapema hudhani kuacha ndiko kulikomharibu, akarudia vidonge. Wengi hupata nafuu, ila ni nafuu ya polepole, ya miezi, na wengine hubaki na ganzi kiasi. Kadiri alivyogundua mapema, ndivyo anavyopona zaidi.

"Ganzi ni dalili ya upungufu wa vitamini B"

Wakati mwingine ni kweli. Lakini sababu za ganzi ni nyingi, na anayeingia dukani moja kwa moja kununua mchanganyiko wa B ameruka hatua ya kuzitafuta.

Ya kwanza kuitafuta ni kisukari. Ndicho chanzo kikubwa cha kuharibika kwa mishipa ya fahamu ya miguu duniani, na mara nyingi mtu hajui kwamba anacho. Sukari inayofikia milimoli 7 kwa lita moja ya damu baada ya kufunga usiku kucha inatakiwa kuthibitishwa na kutibiwa. Kwa mgonjwa huyu kinachosaidia mishipa ni kuishusha sukari na kuilinda miguu: kuikagua kila jioni, kutokutembea pekupeku, kupima joto la maji kwa kiwiko kabla ya kuoga. Moto wa nyayo una dawa zilizojaribiwa, ikiwemo amitriptilini, ambayo ni rahisi na inapatikana hospitali nyingi. Kwa upande wa vitamini B, uchambuzi wa majaribio yaliyofanyika, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta ushahidi hautoshi kusema kama zinasaidia au hazisaidii. Mwenye kisukari anayetumia miaka miwili akimeza vidonge vya mishipa huku sukari yake ikiwa 15 anapoteza miguu kwa subira isiyo na maana.

Ya pili ni ukoma, na hili linaniuma kwa sababu watu wanauona kama ugonjwa wa zamani. Tanzania bado inagundua wagonjwa wapya kila mwaka, na Kongo vilevile. Baka kwenye ngozi, jeupejeupe au jekundu, ambalo ukiligusa kwa pamba mwenyewe hahisi, halihitaji vitamini hata moja. Linahitaji mchanganyiko wa dawa za ukoma, zinazotolewa bure duniani kote tangu mwaka 1995, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina. Kila mwezi unaopotea dukani ni mwezi ambao mkono au mguu unaweza kupinda na usirudi.

Nyingine nitazipitia haraka. Pombe nyingi huharibu mishipa, na mnywaji wa muda mrefu kwa kawaida hukosa B1, hivyo yeye kweli anaihitaji, pamoja na kuacha pombe. Virusi vya Ukimwi vyenyewe huleta ganzi; tena waliotumia stavudini, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iondolewe kwa sababu ya madhara yake, wapo ambao hadi leo nyayo zinawaka. Mjamzito au fundi cherehani anayeamka usiku akikung'uta kiganja kilichokufa ganzi huenda mshipa wake umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Zamani wengi wa namna hiyo walipewa B6. Majaribio hayakuonyesha faida, na bandeji ngumu ya kushikilia kifundo usiku humfaa zaidi.

Ganzi ya upande mmoja wa mwili iliyokuja ghafla, ganzi inayopanda kwa siku chache pamoja na miguu kuishiwa nguvu, au ganzi ya mapajani pamoja na kushindwa kuzuia mkojo, ni za kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

"B12 ni shida ya wasiokula nyama"

Wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa kweli wako hatarini, kwa kuwa B12 haipatikani kwenye mboga wala nafaka. Ila wapo wanaokula nyama kila siku na bado wanaikosa, kwa sababu tatizo liko kwenye kuinyonya. B12 huhitaji asidi ya tumbo iitoe kwenye chakula, kisha protini maalumu inayotengenezwa na tumbo iisindikize hadi mwisho wa utumbo mwembamba. Aliyekatwa tumbo, mzee ambaye tumbo lake limesinyaa, anayetumia dawa ya kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazoli kwa miaka, wote wanaweza kuikosa.

Kundi ninalolihofia zaidi kwetu ni watu wa metformini. Dawa hii ni nguzo ya matibabu ya kisukari na hakuna anayetakiwa kuiacha kwa kusoma makala. Lakini hupunguza unyonyaji wa B12, na hatari huongezeka kadiri dozi inavyokuwa kubwa na miaka inavyokwenda. Juni 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kupima B12 kwa mgonjwa wa metformini mwenye dalili, na kuwafuatilia walio hatarini. Fikiria basi mama wa miaka 60, kisukari miaka 12, metformini miaka 12, miguu inakufa ganzi. Kliniki wanamwambia ni sukari. Pengine ni sukari, pengine ni B12, pengine vyote viwili, na kipimo cha damu ndicho cha kuamua. Kifanyike kabla ya kuanza vidonge, maana akishameza B12 wiki mbili kipimo kitasoma vizuri na ukweli utakuwa umefunikwa.

Na amwombe mhudumu asimpe asidi ya foliki peke yake kwa ajili ya damu kabla B12 haijapimwa. Foliki inaweza kuinua damu ya mtu anayekosa B12 huku uti wa mgongo ukiendelea kuharibika kimyakimya.

"Sindano nyekundu ina nguvu kuliko kidonge"

Wekundu ni rangi ya B12 yenyewe, hauonyeshi nguvu yoyote. Kwa mgonjwa ambaye kweli hana B12 na tayari mishipa yake inaumia, sindano ndiyo njia sahihi ya kuanzia: hidroksokobalamini miligramu 1, mara nyingi siku moja na kuruka nyingine mpaka nafuu isimame, kisha kwa kuachanisha miezi. Sindano moja moja za mchanganyiko kila mwili unapouma ni jambo lingine kabisa.

Kwa wengine kidonge chenye B12 pekee, mikrogramu 1,000 kwa siku, kinaweza kufanya kazi hata kama ile protini ya tumbo haipo. Hesabu yake ni nyepesi. Takriban asilimia 1 ya dozi kubwa hupenya yenyewe kwenye utumbo. Kati ya mikrogramu 1,000 zinaingia kama 10, wakati mahitaji ya siku ni 2.4. Fanya hesabu hiyohiyo kwa kidonge cha mchanganyiko chenye mikrogramu 200 za B12: zinaingia 2. Ni kidogo mno kujaza pengo, na ili kuzipata mtu amemeza miligramu 100 au 200 za B6 asizozihitaji. Ndiyo maana kwa mtu aliyepimwa akakutwa hana B12, nashauri aulizie B12 peke yake.

Kuna pia bidhaa zinazochanganya vitamini B na diklofenaki. Mtu anapata nafuu usiku uleule, anaisifia vitamini. Nafuu ile ni ya diklofenaki, na kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu figo ndizo zinazoweza kuilipia.

"Kama B6 inadhuru, mgonjwa wa TB aiache"

Hapana, hapana kabisa. Ningejuta sana kama maelezo ya juu yangemfanya mgonjwa mmoja wa kifua kikuu atupe vidonge vyake. Isoniazidi, dawa iliyoanza kutumika dhidi ya TB mwaka 1952, hujishika na B6 na kuipotezea njia mwilini. Asiyekingwa anaweza kupata ganzi ileile tunayoizungumzia, hasa akiwa anaishi na virusi vya Ukimwi, ana kisukari, ni mjamzito au ananyonyesha, ana utapiamlo, anakunywa pombe au figo zake ni dhaifu. Kwa hiyo hupewa B6 ya kinga, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25 kwa siku, na ganzi ikishaanza daktari huiongeza kwa muda. Wanaomeza isoniazidi kuzuia TB nao hupewa kwa sababu hiyohiyo.

Huyu ana sababu, ana dozi, na ana mwisho: isoniazidi ikiisha, B6 yake nayo inaisha. Asichotakiwa kufanya ni kuongeza juu yake vidonge vya mishipa alivyonunua mwenyewe mtaani.

"Mkojo ukiwa wa njano kali, dawa inasafisha mishipa"

Ni rangi ya B2 iliyozidi, inayopatikana kwenye vidonge vya mchanganyiko mpana. Haisafishi kitu.

"Haigongani na dawa yoyote"

Muuzaji anasema hivyo kwa nia njema, na mara nyingi hajauliza unatumia nini. Mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson anayetumia levodopa isiyochanganywa na kabidopa, B6 humpunguzia nguvu ya dawa na mitetemeko hurudi. Mwenye kifafa anayetumia fenitoini anaweza kukuta kiwango cha dawa kwenye damu kimeshuka kwa B6 ya dozi kubwa. Vidonge vya nywele na kucha huwa na biotini nyingi, nayo ni ya kundi hili la B. Huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya shingo na vya moyo. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hilo. Mjamzito anayepewa SP kliniki kuzuia malaria hatakiwi kumeza foliki ya miligramu 5, kwa kuwa huipunguzia SP nguvu; ya miligramu 0.4 haina tatizo.

Mazungumzo ya dukani yanaweza kuwa mafupi tu. Mama anaingia, kijana anamwamkia, mama anaitikia na kusema, "Mwanangu, nipe ile ya mishipa." Kijana anauliza: "Mama, unatumia dawa gani nyingine? Ulishapima sukari? Na hii umeanza kuimeza lini?" Maswali matatu, dakika mbili. Muuzaji anayeyauliza amefanya kazi kubwa kuliko kidonge alichouza.

"Ukishaanza huwezi kuacha"

Kwa walio wengi si kweli. Aliyejinunulia mchanganyiko wa B bila kupimwa anaweza kuuacha leo, na mwili hautamdai. Kama alikwisha kupata ganzi au kuyumba, aache na aende na lile bamba la vidonge mkononi, ili daktari aone dozi kwa macho yake.

Lakini wapo ambao kuacha ndiko kutakakowadhuru. Aliyekatwa tumbo au sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na yule ambaye tumbo lake haliitengenezi ile protini ya kusindikiza B12, atahitaji B12 maisha yake yote. Ini lina akiba inayoweza kudumu miaka, kwa hiyo akiacha leo hatahisi lolote mwaka huu, pengine hata mwaka kesho. Dalili zikirudi, uti wa mgongo unaweza kuwa umeshaumia kiasi ambacho sindano haiwezi kukirudisha chote. Huyu aandikiwe kwenye kadi yake ya kliniki sababu ya B12 na tarehe ya sindano inayofuata, na mtu mmoja wa nyumbani aijue tarehe hiyo.